Umeionaje?

Mzee anayechana tiketi kwenye sinema yetu hapa Uvira hamwachi mtu atoke bila kumuuliza, "Umeionaje?" Anakushika mkono kwa vidole vyake vigumu mpaka ujibu. Tangu maasi, viti vingi ni vitupu; anawauliza watu wanane, tisa, huku akitazama barabara ya Makobola. Huko ndiko alikokimbilia Maman Inamahoro, mshonaji ambaye hakuwahi kusifu filamu hata moja.

Jumamosi Maman akarudi, amekonda. Mzee alichana tiketi yake, akangoja mwisho wa filamu. Maman alitoka amekunja uso.

"Iko ya bure, haina maana! Muntu anapigwa risasi, kofia haianguki?"

Mzee alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Asante Mungu! Kesho urudi, maman, uitukane tena."