Kompyuta Ndogo Niliyomletea Deo

Mdogo wangu Deo ni mgonjwa, hatembei. Furaha yake pale nyumbani Kirumba ilikuwa mchezo wa mashindano ya magari kwenye kompyuta yake ya zamani, kubwa kama kabati. Mwezi uliopita alilazwa hospitali. Mimi, karani ninayejua kuchapa barua tu, nikajifanya mtaalamu. Nikaibadilisha ile kompyuta yake na mfanyabiashara wa Geita, ng'ambo ya ziwa, kwa laptop ndogo, maana vitu vya nje vimejaa madukani siku hizi, na niliamini kipya lazima kiwe na kasi zaidi.

Deo aliporudi, nikaita majirani waje waone. Mchezo ukafunguka, lakini gari likawa linajikokota, linaganda, halafu linaruka. Nikabonyeza kila kitufe huku jasho linanitoka.

“Mbona haliendi?” mama akauliza.

“Linaenda, mama,” Deo akanitetea. “Barabara ndiyo mbaya.”

Majirani wakacheka. Deo hakucheka. Akanigeukia, akasema taratibu, “Asante, dada. Sasa niwashie ile yangu.”

Ikabidi niseme mbele ya watu wote kwamba ile yake ilikwishavuka ziwa.