Kamera ya Picha ya Mama

Kila Jumamosi nilimkuta mwalimu mmoja wa shule ya Kaaga katika duka la kamera karibu na soko la Gakoromone, akichagua kamera yake ya kwanza ya kweli. Alipangusa chaki vidoleni kwa leso, akainua kamera ile ile nyeusi, akawalenga wauza ndizi ng'ambo ya barabara, kisha akairudisha bila kubonyeza. Jumamosi moja lenzi ilimtia shaka. Jumamosi iliyofuata, betri.

"Mwalimu, kamera hii utaiposa lini?" alimtania Kagwiria, mwenye duka.

"Pole pole. Picha ya kwanza ni ya mama, na mama si wa picha ya simu."

Juzi alikuja siku ya kazi, amevaa koti la kanisani. Alitoa kitambulisho cha mama yake, akakipangusa kwa leso ile ile. Kesho yake wangemzika kwao Mikinduri, na picha ya kuweka juu ya jeneza hawakuwa nayo.

"Nikiipiga picha hii kwa ile kamera, uso utatokea?"

Kagwiria hakutania. Alifungua kabati, akampa kamera. Mwalimu alilenga, na safari hii akabonyeza. Kwenye kioo cha kamera kila mkwaruzo wa plastiki ya kitambulisho ulionekana wazi kabisa, na uso wa mama ukabaki kivuli cha kijivu.