Tusi la mkwe wangu

Wajukuu, mmenisusa mpaka kuku wangu wamesahau sura zenu!

Leo baba yenu kaniletea asali ya Sikonge.
Nikamtania, "Mkwe, kile Kilatini cha seminari kilikufaa nini?"
Akajibu, "Mama, najua feretrum ni tusi."

Tusi? Mbele ya mama mkwe?
Nikanyanyua mwiko. Kakimbia, baiskeli kaiacha!

Jirani yangu Bi Zuhura akacheka hadi akakaa chini.
"Shoga, tusi pia ni kitanda cha kubebea maiti! Hilihili jeneza la msikitini."

Yalaa!
Tangu hapo sikaliki. Nachungulia njia, wali wake unapoa, simu hapokei. Nani kamwona?

Mkija, mleteni nimwombe radhi nikiwa nimesimama kwa miguu yangu.
Msingoje nibebwe kwenye hiyo feretrum yake.