Shikamoo Niliyomnyima Mjomba

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu. Uwanja mzima ulinipigia makofi, na siku hiyohiyo mama yangu alikuwa anazikwa kijijini kwetu Mungaa. Nimetanguliza habari yenyewe ili usije ukadhani nakusimulia hadithi ya ushindi. Wako watu wanaopenda kuficha msiba hadi mwisho wa maneno. Mimi nimeshafichwa vya kutosha.

Nimesikia umechaguliwa kwenda kuiwakilisha shule yenu kwenye mbio za mkoa, na kwamba michezo ikiisha mtapelekwa kutembezwa mbugani. Vizuri. Hata viatu vyako nimeviona, vina rangi nyingi kuliko kanga za bibi yako. Kaa basi hapa kidogo, tena ukae vizuri. Hayo mazoezi yatakusubiri.

Enzi zetu Mwingereza alikuwa bado anatawala. Nilisoma shule ya misheni upande wa Ulemo, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka kwetu. Ndiyo kwanza walikuwa wameanzisha madarasa ya juu, haya mnayoyaita sekondari, na sisi wachache tulioingia tulijiona tumefika. Darasani nilikuwa wa kawaida tu. Lakini miguu! Nilichunga ng'ombe tangu nikiwa na meno ya utoto, na anayechunga Mungaa wakati wa kiangazi hujua kukimbia, maana ng'ombe wakisikia harufu ya maji hawamsubiri mtu. Katika mbio za maili moja hakuna aliyeniweza.

Mwalimu wetu wa michezo aliitwa Elia. Alikuwa Mnyaturu mwenzetu, mtu wa kwetu kabisa, aliyesoma mafunzo ya kanisa pamoja na baba yangu. Siku baba aliponipeleka shuleni alimshika mkono akamwambia, "Mwalimu, huyu sasa ni mtoto wako." Laiti angejua.

Mwaka ule michezo ya shule za jimbo ilikuwa ifanyike Dodoma, na washindi wangepelekwa Kongwa kuona shamba kubwa la karanga na matrekta ya Waingereza. Shule yetu haikuwa imewahi kushinda kitu. Mwalimu Elia alilitamani lile kombe hadi akawa analitaja kwenye sala ya asubuhi. Sisi tulicheka chinichini, lakini yeye hakuwa na mzaha.

Alasiri moja, safari ikiwa imekaribia, nilikuwa nauzunguka uwanja. Nikamwona mtu amekaa kwenye kibaraza cha ofisi, miguu yake myeupe kwa vumbi hadi magotini. Alikuwa mjomba Ntandu, ndugu yake mama. Moyo ulinishtuka. Nikapunguza mwendo, nikakata kona kwenda kumwamkia, na yeye akainuka. Mara Mwalimu Elia akaja mbio akasimama katikati yetu.

"Endelea kukimbia, Hango. Mjomba wako amekuja na mambo ya watu wazima. Tukimaliza nitakuita."

"Nimwamkie tu, Mwalimu."

"Nimesema endelea!"

Nikaendelea. Kwetu mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa, na siku zile neno la mwalimu halikurudiwa mara ya tatu, kilichofuata kilikuwa kiboko. Tena nisikudanganye, nilipenda mjomba anione ninavyokimbia. Nilivimbisha kifua nikaongeza mwendo, kijana wa watu. Nilipozunguka tena, kibaraza kilikuwa kitupu.

Mwalimu aliniambia mjomba alikuwa na haraka, alipita tu kuulizia bei ya ng'ombe mnadani, na alinisalimu sana. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Pale shuleni yeye ndiye aliyekuwa baba yangu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, mwanangu, na guu likavunjika vilevile.

Kweli yenyewe nilikuja kuijua baadaye. Mjomba alitumwa na baba aje kunichukua. Mama alikuwa ameshikwa na kichomi, anapumua kwa shida, na alikuwa anataka kuniona. Mwalimu akamwambia mjomba kwamba nina mtihani kesho yake asubuhi, hivyo yeye atangulie, na nikimaliza tu atanipandisha lori mwenyewe. Mjomba alikuwa mkulima ambaye hajawahi kukaa darasani. Angembishia vipi mwalimu wa misheni? Alirudi Mungaa na ahadi ile, na mama akaambiwa, "Hango yuko njiani." Basi kila mlango wa nyumba yetu ya tembe uliposukumwa, mama aliuliza kama ni mimi.

Na njiani nilikuwa kweli, ila si njia ya kwenda kwake. Tulipanda lori hadi Manyoni, kisha treni. Treni iliposimama Kintinku tulitoa vichwa madirishani tukiimba, tukawapungia mkono watoto wa Kigogo waliokuwa wanachunga mbuzi, kana kwamba sisi wenyewe hatukuwa wachungaji juzi tu. Dodoma nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Mzunguko wa mwisho kijana mmoja wa Kondoa alikuwa mbele yangu, nikasikia pumzi zake zimeanza kukatika, nikampita kabla ya kona. Mzungu mmoja mkubwa wa serikali alinikabidhi kombe na kunishika mkono. Mwalimu Elia alilia mbele ya watu. Nilidhani analia kwa furaha. Mpaka leo sijui alikuwa anamlilia nani.

Kesho yake tukaenda Kongwa. Tukaonyeshwa matrekta yaking'oa miti na mizizi yake, na shamba ambalo macho hayakuona mwisho wake. Tukalishwa nyama ya kopo. Mwalimu alituambia tutazame sana, kwa sababu kutembea ni nusu ya elimu. Alikuwa karibu yangu muda wote. Aliniona nikicheka, nikipanda juu ya trekta, nikiomba niongezwe nyama, na hakusema neno. Sawa, kabla ya mbio alikuwa na kisingizio chake cha kombe. Kongwa alikuwa na kisingizio gani? Kombe lilikuwa tayari kwenye sanduku. Hapo ndipo roho yangu inapogoma, mwanangu. Alichelea kutuharibia matembezi.

Tuliporudi Ulemo alinipa ruhusa. "Nenda kwenu ukapumzike," akasema huku anatazama pembeni. Nikaondoka na nywele zangu nilizozichana njia upande kama vijana wa mjini, nikiwaza jinsi nitakavyowatambia wote. Pale kwetu mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mdogo wangu Isaya, bado mtoto mdogo, anatenga ndama nje ya boma. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa.

Nikacheka. "Isaya, chawa wamekushinda?"

Akawaacha wale ndama. Kisha akasema, "Tumenyoa wote, kaka. Wewe tu ndiye hujanyoa."

Baba akatokea mlangoni, na yeye kichwa kitupu. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kicheko kile nilichomcheka mtoto aliyefiwa na mama, mama yetu sote wawili, sijaweza kukimeza hadi leo na umri wote huu.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetangulia kutupia udongo kaburini. Walinisubiri hadi jua likapinda, kwa sababu mjomba aliendelea kuwaapia kwamba mwalimu ameahidi. Maiti nayo haisubiri daima. Ikabidi wamshike Isaya mkono, wamchotee udongo, na alivyokuwa mdogo udongo mwingine ukamwagikia miguu yake mwenyewe. Akabebeshwa mzigo wangu huku mimi napigiwa makofi Dodoma.

Nilinyolewa jioni ile. Baba hakupiga kelele. Alikaa kando yangu, akaniuliza kwa Kinyaturu, taratibu kabisa, "Mjomba wako ulimwona kule shuleni?"

"Nilimwona, baba."

"Ulimwamkia?"

"Mwalimu alinikataza."

Akanipangusa nywele mabegani. "Mwalimu amenidhulumu, na Mungu wake anamjua. Lakini wewe ulimwona ndugu wa mama yako ana vumbi la safari, ukampita mbio. Shikamoo moja tu, Hango. Shikamoo moja ingekuleta nyumbani."

Hakuyarudia tena maneno hayo hadi alipokufa. Afadhali angenichapa.

Mwalimu Elia alikuja kutoa pole. Nilimsindikiza hadi njiani, kama adabu inavyotaka, na tulipoagana akasema, "Ningekuambia, usingekimbia."

Nikamjibu, "Ndiyo, Mwalimu. Nisingekimbia."

Basi, hayo tu. Shule niliimaliza kwa sababu baba alitaka, lakini mashindano walinibembeleza hadi wakachoka, sikukimbia tena. Mwalimu alipozeeka aliniomba radhi, nikamwambia nimesamehe. Mdomo ndio uliosema. Watu wa kanisani wasinisikie, lakini wewe sitakudanganya.

Sasa nisikilize. Nenda ukakimbie, na huko mbugani ukatazame tembo hadi uchoke. Sikukatazi. Ila ujue kwamba wengi wanaokupigia makofi wanalipigia kombe, na siku huna kombe hawatakumbuka hata jina lako. Heshima si kunyamaza. Mkubwa akikuambia pita, nawe unamwona mtu wa kwenu amekaa na vumbi miguuni, simama, umwamkie, umuulize kama nyumbani kwema. Kama ni kiboko, kula hicho kiboko, kitapona. Simu unayo, piga kabla ya mbio, na wakikuambia mama yako hajambo, waombe wakupe sauti yake mwenyewe. Na siku ukiwa mwalimu, au mkubwa wa mahali popote, usimfiche mtu msiba wake kwa sababu yoyote. Msiba wa mtu ni wake. Hakuna aliyepewa haki ya kumtunzia.

Haya, inuka, jua linakwenda. Mungu akupe pumzi ndefu na miguu myepesi. Akukutanishe na watu wasioogopa kukuambia jambo baya. Na siku mama yako atakapokuita, akufikishe wakati bado ukimwita anaitika.