Bolti za Gari Nyeusi

Ijumaa, tarehe tano ya mwezi wa sita, mwaka wa nne wa Uhuru. Upepo mukavu tangu asubuhi, na vumbi la bonde la Ruzizi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Mvua imeshakwisha.

Hivyo ndivyo nilivyoandika siku ile katika daftari, na chini yake sikuandika kitu. Leo najaribu kujaza. Nilisoma miaka mine tu kwa misioni, na kuna mahali ambapo kumbukumbu yangu inanipendelea. Nitajikaza nisijisifu, na nisimuonee muntu.

Bwana yangu alikuwa fundi wa magari hapa Uvira. Kabla waasi hawajaingia mujini, mfanyabiashara mmoja Mgiriki alimwachia gari yake ya zamani, nyeusi, yenye taa kubwa, ili airudishie sura ya ujana. Bwana yangu akaifungua yote. Bolti na nati akazitia katika mikebe ya maziwa, kila sehemu ya gari na mukebe wake. Kisha Mgiriki akavuka kwenda Bujumbura, hakurudi, na gari ikabaki mifupa.

Mukubwa wa waasi aliikuta garajini siku ya Jumatatu. Aliizunguka mara mbili, halafu akamwambia bwana yangu:

"Ijumaa itembee, na ing'are. Minye mukubwa siwezi kuingia Kamanyola na kitu yenye kutu. Ikitembea, weye unarudi kwa bibi yako. Isipotembea, unapanda lori pamoja na sisi, utatutengenezea magari kule vitani, kwenye masasi."

Tangu saa ile hakuruhusiwa kulala nyumbani. Mlinzi alimkalia pale garajini, nami nilipeleka chakula asubuhi na jioni.

Hapa nieleze jambo ambalo wakati ule kila muntu wa Uvira alilijua. Wapiganaji wale walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ili masasi yasiwaingie, na dawa ilikuwa na masharti. Mojawapo ni kwamba mpiganaji asimguse mwanamke, wala asipokee kitu kutoka mukononi mwake. Sokoni wamama waliweka samaki chini ili udongo uwasafishe, wakarudi nyuma, ndipo mpiganaji akainama kuokota. Mlinzi wa garajini naye aliniambia kila nilipofika na kikapu, "Weka chini, mama." Alisema kwa adabu. Hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja.

Jumanne bwana yangu aliona kwamba siku hazitamtosha. Akasukuma mikebe kwa mguu mpaka karibu yangu. "Peleka nyumbani," akasema. "Weye na mama musugue. Minye nafunga injini."

Basi mama mkwe na minye tulikaa uani tukasugua siku tatu. Bolti zinalala kwanza katika petroli ya taa mpaka grisi ya zamani iachie. Halafu maji ya ndimu, lakini si kwa muda mrefu, maana ndimu ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe, meno yanakonda na nati inacheza. Halafu majivu ya kuni yaliyochekechwa, kwa kitambaa, kichwa cha bolti kikizungushwa katikati ya vidole mpaka uone jua ndani yake. Vidole vyangu vilipasuka na ndimu ikaingia kwenye nyufa. Mama mkwe akaviangalia.

"Ungesugua hivi sufuria zangu," akasema, "ningekusifu tangu mwaka ule ulipoolewa."

"Sufuria zako hazijaahidi kunirudishia bwana."

"Na kama zingeahidi?"

"Ningezisugua mpaka zitoboke, mama."

Akacheka, na minye nikacheka. Naandika hilo pia, kwa sababu nikisimulia siku zile watu wanadhani tulikuwa tunalia tu.

Jumatano mchana nilikuwa na bolti ya mulango mukononi, na maneno ya mlinzi yakanijia: weka chini. Nikawaza, hii chuma inatoka mukononi mwangu, hailali chini, inaenda kwenye mulango, na mulango utafunguliwa na mukubwa. Nikamuuliza mama mkwe.

"Chuma haina ngozi," akajibu. "Sugua."

Nilisema nitamuuliza bwana yangu kesho. Kesho yake nilifika garajini, nikaweka kikapu chini, nikampa bwana yangu mikebe, nikamwona jinsi macho yake yalivyoingia ndani kwa kukosa usingizi, na sikuuliza. Labda nilisahau. Labda niliogopa kwamba atasema tuzitupe zote, na bolti nyingine hazikuwepo mahali popote. Nimejiuliza miaka mingi na bado sina hakika.

Ijumaa kabla ya saa sita gari ilikuwa imefungwa yote. Bwana yangu aliiwasha, ikakohoa, ikashika. Akaiendesha mpaka upande wa bandari na kurudi, na watu wakasimama milangoni mwao kuiangalia. Minye nilisimama ng'ambo ya barabara na kikapu kitupu. Nilikuwa nimekuja kumchukua.

Mukubwa alifika na watu wake. Aliinama mbele ya gari, akapitisha kidole juu ya vichwa vya bolti, kimoja baada ya kingine, polepole. Alifurahi kweli. Nilimwona.

"Kazi hii ya kusugua ni ya nani? Si yako, weye ulikuwa na injini."

Bwana yangu angeweza kusema ni yake. Lakini hakuwahi kula sifa ya muntu mwingine, na nadhani alitaka pia nisikie, kwa sababu alinitazama. "Ni bibi yangu," akasema. "Pamoja na mama yangu."

Mukubwa aliondoa kidole. Alikiangalia, halafu akachuchumaa akakisugua ndani ya muchanga, muda murefu. Watu wake walirudi nyuma, mbali na gari.

Nilivuka barabara. Nilisimama mbali, kama mwanamke alivyotakiwa kusimama.

"Mukubwa, ulisema ikitembea anarudi. Imetembea."

"Nilisema," akajibu, bila kuniangalia. "Na imetembea kweli, mama, sikatai. Lakini nilitaka gari ya kupanda. Hii nikiipanda nitakufa, na hawa wote watakufa nyuma yangu."

Sauti yake haikuwa ya hasira. Aliamini, na alikuwa anaogopa, na siwezi kuandika vinginevyo ingawa nimetamani. Nilimwambia mukubwa kwamba bwana yangu anaweza kuzifungua zote na mwanaume azioshe kwa maji yao ya dawa. Akasema muda haupo, wanaondoka saa nane, na lori yao ni mbovu, bila fundi haifiki hata Runingu hapo karibu. Bwana yangu alimwambia, "Basi niue hapa, karibu na nyumbani." Mukubwa akasema, "Sina sababu ya kukuua." Wakampandisha.

Nilitaka kumpa shati ya kubadili. Mlinzi akasema, "Weka chini, mama." Nikaiweka chini, yeye akaiokota, akamrushia juu ya lori. Lori ikashika njia ya Kamanyola. Mpaka leo sijampata muntu wa kuniambia kama ilifika.

Gari nyeusi ilibaki garajini, mulango wazi. Hakuna aliyeigusa.

Nyumbani mama mkwe aliuliza kosa ni la nani, nikamwambia ni langu, kwa sababu nilijua Jumatano. Akasema ni lake, kwa sababu alinijibu vibaya. Hatukumtaja yeye aliyesema ukweli.

Jioni tulikula bugali ya muhogo na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa kwa mafuta ya mawese. Baadaye niliwaambia watu kwamba siku ile sikuweza kumeza kitu. Si kweli. Nilikula nikashiba, na mama mkwe akaniongezea.