Gitaa Lililolia Kama Grenda

Nilikuwepo Katwe, mtaa wa mafundi chuma, nimeona kwa macho haya mawili. Anayesimulia vingine hakuwepo. Nilipeleka sufuria kwa fundi kuzibwa tundu. Mbele yangu alisimama Mkongomani mwenye nywele hadi mabegani, amekumbatia gitaa la umeme kama mtoto mwenye homa. Chuma kinachoshika nyuzi kilikuwa kimevunjika, na jioni ileile alikuwa na shoo Bugolobi. Gitaa lingine hana.

Fundi akakata chuma kutoka springi ya gari, akakisaga kwa grenda, akakifunga. "Jaribu, ssebo, bwana wangu. Tupigie rumba."

"Mzee, mimi napiga hevi metali, ile roki nzito. Miaka kumi watu wananiomba rumba."

Akachomeka waya kwenye spika yake ndogo, akakanyaga kile kidude cha kukwaruza sauti, akapiga. Ukatoka mngurumo wa kutikisa mabati. Fundi akauchomoa waya mbio, jasho linamtoka.

"Nisamehe, ssebo, nimeliharibu. Linalia kama grenda yangu. Nitakutengenezea upya, bure."

Mkongomani akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, miaka kumi yote naitafuta hiyo grenda."

Fundi akamtazama, akauchomeka waya mwenyewe, akakunja mikono. "Basi piga tena." Katwe nzima ikaweka nyundo chini kusikiliza.

Hapo pa Katwe nzima nimeongeza chumvi, nakiri. Katwe hainyamazii mtu. Aliyeweka nyundo chini ni fundi mmoja tu, ila Mkongomani aliondoka akitembea kama aliyejaza uwanja.