Tawi la miiba alilopewa Neema

Leo nimeonea wivu tawi la miiba.

Mashimo haya ya dhahabu nje ya Bariadi nimeyaripoti tangu yanachimbwa hadi yanafukiwa.

Leo kinamama wamemaliza kupanda migunga na mikwaju juu yake, wakazungushia miiba. Sasa ni ngitili, eneo lililotengwa miti ikue, ng'ombe haingii.

Likabaki tawi la kufungia mlango wa uzio, heshima anayopewa mgeni. Nikasogea.

Kiongozi wao, Mama Nyanzobe, akampa Neema, mwandishi mwenzangu. Kafika hapa leo kwa mara ya kwanza!

"Mayu, mama yangu, na mimi je?" nikalalamika.

"Ngosha, kaka yangu, wewe kamera tu kila siku. Mwenzio kabeba maji na sisi tangu asubuhi."

Wakacheka. Neema naye.

Nikampiga picha akifunga. Imetoka nzuri mno, hiyo hapo chini.

Atakayeandika "hongera Neema" kwenye ukurasa wangu, namfuta.